Kaunti inataka tutandike kabro mbele ya maduka. Nifanye nini?

Swali: "Mhandisi, hujambo. Nina duka la hadiwea na kinu cha posho kwenye ploti ya hamsini kwa mia, kando ya barabara ya lami, kilomita chache nje ya mji wetu huku magharibi. Mbele ya duka ni changarawe niliyoimwaga mwenyewe. Sasa mwakilishi wetu wa wadi anasema bunge la kaunti linajadili sheria ya kumlazimisha kila mwenye biashara aweke lami, zege au kabro (yale matofali ya zege ya kutandika chini) mahali wateja wanapoegesha, na asiyefanya hivyo asipewe kibali cha biashara. Wafanyabiashara wenzangu wamegawanyika. Mwenye supamaketi, ambaye tayari ana kabro, anaunga mkono akisema changarawe inaleta vumbi na matope; sisi wengine tunaona ni kama tunafukuzwa. Je, wanaweza kutulazimisha? Changarawe ina ubaya gani? Na nikianza kutandika sasa, kabla sheria haijapita, nitakuwa nimejiokoa au nimetupa pesa?"

Jibu: Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukugharimu zaidi. Usitandike chochote bado. Tafuta kwanza ardhi hiyo wanayoegesha wateja wako ni ya nani.

Pita barabara yoyote kuu kutoka Kisumu kwenda Kakamega hadi Webuye uangalie maduka yalivyojengwa. Mara nyingi ukuta wa mbele umesimama karibu kabisa na mpaka wa ploti, na pale magari yanaposimama ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Barabara kuu nyingi zina hifadhi ya upana wa mita 40 hadi 60, na lami yenyewe huchukua mita saba hivi. Kinachobaki kila upande huonekana kama uwanja usio na mwenyewe. Mwenyewe yupo: ni mojawapo ya mamlaka za kitaifa za barabara, KeNHA, KURA au KeRRA, kulingana na aina ya barabara, au ni kaunti ikiwa barabara ni ya kaunti. Ukitandika kabro pale bila idhini ya maandishi, umevunja sheria. Ukitandika kwa idhini, kabro ni yako lakini ardhi bado ni yao, na siku barabara itakapopanuliwa, tingatinga litaizoa na hakuna atakayekufidia. Sote tunazijua zile alama za X nyekundu kwenye kuta.

Kwa hiyo toa hatimiliki yako, upate nakala ya ramani ya eneo kutoka afisi ya ardhi, kisha umlipe msorovea (mpima ardhi) mwenye leseni akuonyeshe bikoni zako, zile alama za mpaka wa ploti, zilipo. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kabro ya uwanja mzima. Bikoni zikionyesha kwamba maegesho yako yote au sehemu kubwa iko kwenye hifadhi ya barabara, basi umepata hoja yako ya kwanza na ya nguvu mbele ya bunge la kaunti: kibali cha biashara yako hakiwezi kutegemea ujenzi kwenye ardhi ambayo huruhusiwi kujenga. Nashangaa kila mara jinsi jambo hili linavyosahauliwa katika mijadala ya namna hii. Watu hubishana kuhusu lami na changarawe kwa saa nzima na hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi.

Sasa, wanaweza kukulazimisha? Wanaweza, wakifuata njia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti mipango na maendeleo yake, barabara za kaunti, trafiki na maegesho, leseni za biashara, na pia mitaro ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Kwa hiyo usiende kwenye kikao ukidai kaunti haina mamlaka, utapoteza muda wako na wa wengine. Njia ndiyo ya kuiangalia. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti lihusishe umma katika utungaji wa sheria, na Ibara ya 199 inasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe katika Gazeti rasmi la serikali. Kabla ya hapo, afisa anayekuja dukani kukuambia "lazima uweke kabro" anakueleza matumaini yake. Mwombe kwa heshima akuonyeshe sheria, nambari yake na kifungu. Angalia pia masharti ya idhini ya ujenzi wako wa awali, maana wakati mwingine sharti la kutengeneza maegesho lilikuwa tayari limeandikwa mle na mwenye ploti hakulisoma. Kama lilikuwamo, mjadala wa sasa haukuokoi.

Na ukiletewa ilani ya maandishi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, usiiweke kwenye droo. Una siku 14 tangu uipokee kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi, na kamati hiyo ina siku 30 za kuamua. Usiporidhika, unaelekea Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Watu wengi hupoteza haki yao hapa kwa sababu walikwenda kwanza kumtafuta mtu wa kuongea na mtu, siku 14 zikaisha.

Tuje kwa changarawe yenyewe, na hapa nitakuudhi kidogo: jirani yako wa supamaketi ana hoja. Uwanja wake tayari una kabro, hivyo sheria haimgharimu chochote, na wabunge wanafaa kulijua hilo wanapomsikiliza. Lakini analolisema ni kweli. Simama kwenye mlango wa kinu chako mwezi wa Februari, saa nane mchana, lori la saruji likiingia. Lile wingu jekundu linaloinuka nyuma ya magurudumu linatua juu ya unga unaomiminika kwenye gunia la mteja lililo wazi. Ule ni unga wa uji wa mtoto wa mtu. Halafu mvua za Machi zikianza, lori lilelile linatoka kwako likiburuta matope hadi kwenye lami, na mtu wa kwanza kuyapata ni wa bodaboda aliyebeba abiria wawili wakati wa magharibi. Pia kuna mteja wa kiti cha magurudumu, ambaye hawezi kabisa kujisukuma juu ya kokoto. Ibara ya 54 ya Katiba inampa haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Vumbi, matope na njia ya kufika mlangoni: mambo haya matatu ni halali kwa kaunti kuyadai, na mimi ningekuwa diwani ningeyadai.

Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji uwanja wote ufunikwe. Matope yanayofika barabarani huchukuliwa zaidi kwenye mita za mwisho kabla gari halijatoka. Tandika zege au kabro nzito mita sita hadi kumi za mlango wa kuingilia, magurudumu yatajipangusa hapo. Vumbi linalofika kwenye kinu linatoka mbele ya kinu, kwa hiyo funika hapo. Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji nafasi moja ya kuegesha iliyo tambarare na njia ngumu kutoka hapo hadi kwenye kaunta, isiyo na ngazi. Ukifanya haya matatu, huenda umefunika theluthi moja ya uwanja na umeondoa karibu madhara yote ambayo sheria inalenga. Sehemu iliyobaki, pale mikokoteni na bodaboda wanaposubiri, changarawe iliyoshindiliwa vizuri inatosha.

Jambo ambalo sheria za namna hii huliruka ni maji, na kwangu ndilo jambo lenyewe.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme maegesho yako ni mita 300 za mraba, na mvua moja ya alasiri, ile ya kawaida kabisa ya huku kwetu, inaleta milimita 40. Hizo ni lita 12,000, zaidi ya tangi kubwa jeusi la lita 10,000 lililojaa pomoni, na zinakuja ndani ya saa moja au mbili. Udongo wenye nyasi ungekunywa sehemu kubwa. Changarawe mpya hunywa kiasi. Lami na zege hazinywi karibu chochote. Sasa zidisha kwa maduka 20 yaliyo kwenye mstari mmoja: lita 240,000 zinaelekea kwenye mtaro mmoja wa kando ya barabara, ule ambao nusu yake imejaa mchanga na chupa za plastiki, halafu kwenye kalvati moja, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Yatafurika wapi? Kwa mwenye ploti ya chini, ambaye mara nyingi ndiye maskini zaidi kwenye mteremko na hakualikwa kwenye kikao.

Ni haki niseme pia kwamba changarawe iliyokanyagwa na malori kwa miaka mingi hugeuka kuwa ngumu kama sakafu, na maji hutiririka juu yake karibu sawa na juu ya zege, tena yakiwa mekundu kwa udongo unaokwenda kuziba mtaro. Kwa hiyo anayesema "changarawe inanyonya maji, tuacheni" anasema nusu ya ukweli. Chukua jembe, chimba shimo la sentimita 30 katikati ya uwanja wako, jaza maji, uangalie yanachukua muda gani kuisha. Yakikaa mpaka kesho yake, usiende kwenye kikao ukitetea changarawe kwa hoja ya maji.

Jibu hubadilika pia kulingana na udongo, na ndiyo sababu sheria inayotaja kitu kimoja cha kutandika kila mahali ni sheria mbaya. Ukiwa Kakamega au Vihiga, udongo mwekundu hupitisha maji vizuri, ingawa mvua ni nyingi, Kakamega ikipata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Hapo kabro inayoachwa na nafasi katikati, zikajazwa kokoto ndogo badala ya mchanga, na chini yake mawe yasiyo na vumbi, hufanya kazi nzuri: unapata sakafu safi na maji yanazama papo hapo. Ile ya matundu ya nyasi pia hufaa kwa magari madogo. Ukishuka Kisumu upande wa Nyalenda au uwanda wa Kano, unakuta ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mwezi wa Januari unaweza kuingiza kiganja chote kwenye ufa wake. Ukipitisha maji chini ya kabro pale, umeinunulia ploti yako mawimbi. Lazima udongo huo uchimbuliwe na kubadilishwa kwa kina cha kutosha, au utibiwe kwa chokaa, na maji yazuiwe yasifike chini. Gharama yake si ile ya mtu wa Vihiga hata kidogo, na sheria ikiwataka wote wawili wafanye sawa, mmoja anatozwa zaidi kwa sababu ya mahali babu yake alipokaa.

Nakuru ni habari nyingine tena. Maji ya mvua yanashuka kutoka miteremko ya Menengai, yanakatiza mji, na kuishia Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kutokea, ambalo limekuwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 1990. Mafuta ya gari yaliyodondoka kwenye maegesho mjini hayana mahali pengine pa kwenda. Udongo wa majivu ya volkano nao hunywa maji haraka, lakini pia husombwa kwa urahisi kutoka chini, na yapo maeneo yenye nyufa ambapo ardhi huzama ghafla baada ya mvua kubwa. Mtu wa huko akielekeza maji ya paa na ya maegesho yote kwenye shimo moja la kuzamisha karibu na msingi wa nyumba, anajitafutia hatari. Kwake, sakafu ngumu yenye mtaro unaofika mahali salama inaweza kuwa jibu bora kuliko changarawe.

Kuna biashara ambazo mimi ningezilazimisha bila kuzionea haya, popote zilipo: gereji, vituo vya mafuta na mahali pa kuosha magari. Pale oili inapomwagika kila siku, changarawe ni njia tu ya kuipeleka kwenye visima vya majirani. Hao wawe na zege na shimo la kutenganisha mafuta na maji, na kaunti ianze nao kabla haijamgusa mwenye kibanda cha nguo.

Kikao cha wananchi kikiitishwa, nenda na maandishi. Maneno ya mdomo husikika, lakini hati iliyopigwa muhuri wa kupokelewa kwenye afisi ya karani wa bunge la kaunti huingia kwenye kumbukumbu, na ikipuuzwa bila sababu unaweza kuitumia baadaye. Andika kurasa mbili tu. Ningeomba ndani yake kwamba sheria iseme matokeo yanayotakiwa: matope yasifike barabarani, vumbi lisiingie kwenye chakula, maji yasisukumwe kwa jirani, mwenye ulemavu afike mlangoni. Kisha kila mwenye ploti achague njia ya kutimiza hayo, na mhandisi wa kaunti akague. Ningeomba ukubwa wa wajibu ufuate ukubwa na uzito wa magari. Duka linalopokea malori ya tani kumi kila wiki halilingani na saluni ambayo wateja wake wote huja kwa miguu au kwa tuktuk. Ningeomba biashara zilizopo zipewe miaka mitatu, zikianza na mlango wa kuingilia, ilhali majengo mapya yatimize tangu mwanzo, maana wakati wa kujenga ndipo gharama huwa ndogo. Adhabu isiwe kunyimwa kibali cha biashara. Ukifungiwa duka, pesa za kutengeneza maegesho utazitoa wapi?

Na kaunti nayo itimize sehemu yake. Mitaro ya maji ya mvua ni kazi yake kwa Katiba ileile inayotumia kukudai kabro. Omba kifungu kinachosema hakuna ploti itakayolazimishwa kuweka sakafu isiyopitisha maji mpaka mtaro wa barabara hiyo uwe umechimbwa na kuzibuliwa. Wabunge wengi hukubali hoja hii wakielezwa kwa hesabu ile ya lita, kwa sababu ndio wanaopigiwa simu usiku mafuriko yakiingia nyumba za watu.

Tuseme sheria imepita, bikoni zako ziko sawa, na lazima utandike. Fundi atakuja na bei ya kabro kwa mita ya mraba. Muulize kwanza kuhusu kilicho chini. Kabro iliyotandikwa juu ya udongo usioshindiliwa huanza kuzama ndani ya msimu mmoja wa mvua, na utaona mahali pake: mistari miwili ya magurudumu pale lori linaporudi nyuma kushusha saruji, ikishika maji kama mabirika, na kabro za pembeni zikiachana moja moja kuelekea nje kwa sababu hakukuwekwa kingo za zege za kuzibana. Udongo wa juu utolewe, changarawe nzuri au mawe yawekwe kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kwa rola kabla ya lingine. Juu yake uje mchanga au vumbi la kokoto kama sentimita tatu, usiwe zaidi. Fundi akijaribu kusawazisha mabonde kwa kuongeza mchanga, msimamishe hapo hapo. Kwa magari madogo kabro ya milimita 60 inatosha. Kwako wewe mwenye malori, njia ya lori iwe ya milimita 80, sehemu nyingine zibaki 60. Uwanja uteremke sentimita mbili kwa kila mita, na uteremke kuelekea mtaroni, kamwe usielekee mlango wa duka wala ukuta wa jirani. Mwaga ndoo ya maji fundi akiwepo, kabla hujamlipa salio.

Umeniambia wenzako wamegawanyika. Wale wasio na kabro kaeni pamoja hata kama hamkubaliani kuhusu sheria, kwa sababu maji hayatagawanyika kwa mipaka ya ploti zenu. Mtaro mmoja unaopita mbele ya maduka yote kwa mteremko mmoja ni rahisi kuliko vipande vya mita 15 ambavyo kila mmoja amechimba kwa kina chake. Msorovea mmoja anaweza kuwaonyesha wote bikoni kwa safari moja. Rola pia, bei yake kubwa ni ya kuileta hadi kwenu, na gharama hiyo mnaweza kuigawana.